Roboti ndefu au fupi? Mzozo wa kimo katika mashindano ya roboti

Msimu mpya wa mashindano ya roboti ukitangazwa, haipiti wiki kabla ubishi wa kimo haujaanza. Kuna wanaotaka roboti ndefu ili ifike juu, na kuna wanaotaka fupi ili isipinduke. Wazazi wakiona video za mechi ndiyo wanachanganyikiwa zaidi: uwanja mmoja, kanuni zile zile, lakini timu hii imeleta kitu bapa kisichofika magotini na ile imeleta kitu kinachomfika mtu mzima kifuani. Nani kakosea?

Mara nyingi hakuna aliyekosea. Ubishi hauishi kwa sababu mambo matatu tofauti yamefungwa kwenye furushi moja, na kila mtu anatetea la kwake. Ukiyatenganisha, nusu ya mzozo inakwisha hapo hapo. Nusu inayobaki ni hesabu, tena hesabu ya kidato cha pili.

Kwanza tujue tunazungumzia mashindano gani. Yanayojulikana zaidi ni ya shirika la FIRST la Marekani, lililoanzishwa na mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989. Shindano lake kubwa la vijana wa sekondari, FIRST Robotics Competition, lilianza 1992. Kila Januari hutangazwa mchezo mpya kabisa: mwaka huu mipira, mwakani maboksi, mwaka mwingine pete za sponji. Roboti hizi hazipigani hadi moja ife, kama zile za kwenye televisheni. Zinacheza tatu kwa tatu, kwa kama dakika mbili na nusu. Sekunde chache za mwanzo roboti inajiendesha kwa programu iliyoandikiwa, kisha vijana wanashika rimoti.

Liko pia shindano la roboti ndogo zaidi, FIRST Tech Challenge, ambako roboti ni lazima ianze mechi ikiwa imeenea ndani ya mchemraba wa inchi 18, kama sentimita 46 kila upande. World Robot Olympiad, kwenye kipengele chake cha RoboMission, inabana zaidi: sentimita 25 kila upande. Kwetu Afrika Mashariki wengi wameyajua mambo haya kupitia FIRST Global Challenge, ambayo tangu ilipoanza Washington mwaka 2017 hualika timu moja kutoka kila nchi. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zote zimewahi kushiriki.

Katika mashindano yote haya kitabu cha kanuni kinakupa dari. Swali linalobaki ni uitumie kiasi gani ya nafasi iliyo chini ya dari hiyo.

Vimo vitatu ndani ya roboti moja

Cha kwanza nitakiita kimo cha kutembea. Hiki ni kimo cha roboti ikiwa imekunja kila kitu chake na inakatiza uwanja. Ndicho kinachoamua kama itapita chini ya kizuizi au itazunguka.

Cha pili ni kimo cha kufikia: roboti ikinyoosha mkono au ikipandisha lifti yake, inagusa wapi? Katika mchezo wa PowerPlay wa FIRST Tech Challenge, msimu wa 2022 hadi 2023, milingoti mirefu kabisa ilikuwa na inchi 33.5, kama sentimita 85, na roboti ilitakiwa kuivisha koni juu. Roboti iliyoanza na sentimita 46 ikaishia kufanya kazi kwenye sentimita 85. Je, hiyo ni ndefu au fupi? Ni vyote viwili, kutegemea umeitazama sekunde ya ngapi.

Cha tatu hakionekani kwa macho, nacho ndicho kinachopindua roboti. Ni kimo cha kitovu cha uzito, yaani ile sehemu ambapo uzito wote wa roboti ungekaa kama ungeweza kuukusanya mahali pamoja. Chukua malori mawili yenye uzito sawa kwenye kona za mlima wa Kitonga: moja limebeba nondo, jingine limebeba magunia ya mkaa yaliyopangwa hadi kuwapita wapiga debe kimo mara mbili. Mizani itakwambia yako sawa. Dereva hatakwambia hivyo. La nondo uzito wake umelala sakafuni, la mkaa uzito umepanda, na kona ile ile inayopitwa na la kwanza bila shida inaweza kulilaza la pili ubavuni.

Sasa geuza mfano. Lori la nondo likifungwa turubai refu tupu juu yake, litaonekana refu kama la mkaa, lakini kitovu chake cha uzito kitakuwa kimesogea kidogo mno. Roboti ndefu iliyojengwa vizuri ndivyo ilivyo. Huko juu kuna mabomba mepesi ya alumini, na mota, betri na sanduku la gia viko chini kabisa. Anayesema "ndefu inapinduka" anachanganya kimo cha kwanza na cha tatu.

Hesabu ya kupinduka

Roboti ikifunga breki ghafla, mambo mawili yanashindana. Ama magurudumu yatateleza, ama roboti itainuka nyuma na kwenda kifudifudi. Kipi kitatangulia kinategemea uwiano mmoja tu. Chukua umbali kutoka kitovu cha uzito hadi magurudumu ya mbele, ukipima kwa ulalo, kisha ugawanye kwa kimo cha kitovu hicho kutoka sakafuni. Jibu likiwa kubwa kuliko namba ya msuguano kati ya tairi na sakafu (nguvu ya msuguano ukiigawanya kwa uzito), roboti inateleza na mchezo unaendelea. Likiwa dogo, inapinduka.

Tairi za mpira kwenye zulia la uwanja zinashika vizuri. Ukichukua msuguano wa 1 hutakuwa mbali na ukweli. Tuseme magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana sentimita 60 na uzito uko katikati, kwa hiyo kuna sentimita 30 mbele. Kitovu kikiwa sentimita 20 kutoka chini, 30 kwa 20 ni 1.5. Iko salama. Kikiwa sentimita 50, unapata 0.6, na hapo dereva akiachia rimoti kwa pupa roboti inalala.

Hebu tuipandishe lifti tuone. Roboti ina kilo 60, kitovu chake kiko sentimita 22. Ndani ya hizo kilo 60, kilo 8 ni kishikio na sehemu ya lifti inayopanda kutoka sentimita 30 hadi 180. Kilo 8 zikipanda sentimita 150 zinakiinua kitovu cha roboti nzima kwa sentimita 20. Sasa kiko 42, na uwiano umeshuka kutoka 1.36 hadi 0.71. Roboti iliyokuwa imara sekunde mbili zilizopita imekuwa ya kupinduka, na hakuna mtu aliyebadilisha hata bolti moja.

Hili lilionekana sana mwaka 2018. Mchezo wa mwaka ule, Power Up, ulitaka roboti ziweke maboksi juu ya mizani kubwa iliyokuwa katikati ya uwanja, juu ya kichwa cha mtoto na wakati mwingine juu ya kichwa cha mtu mzima. Lifti zikawa za timu nyingi, na roboti zilizolala chali au ubavu zikawa jambo la kawaida. Timu zilizojifunza mapema hazikupunguza kimo. Ziliandika mistari michache ya programu: lifti ikiwa juu, mwendo na breki vipunguzwe vyenyewe, hata dereva akisukuma rimoti hadi mwisho. Dawa ilikuwa kwenye programu kuliko kwenye msumeno.

Betri nayo si ya kusahau. Ya FIRST Robotics Competition ni ya volti 12 na ina uzito wa kama kilo 6. Kwenye roboti ya kilo 60, kuitoa sentimita 50 juu na kuilaza sentimita 10 kutoka sakafuni kunashusha kitovu kizima kwa sentimita 4. Huhitaji kununua chochote. Halafu utakuta timu inaiacha betri juu "ili iwe rahisi kubadilisha"!

Mwaka ambao kimo kilikuwa mchezo wenyewe

Kama kuna msimu mmoja wa kufundishia jambo hili, ni wa 2016, mchezo wa Stronghold. Uwanja ulijengwa kama uvamizi wa ngome. Kila upande ulikuwa na vizuizi vitano vilivyopangwa mstari mmoja, na nyuma yake mnara wenye matundu ya kurushia mipira ya sponji yenye upana wa inchi 10. Tundu la juu, zaidi ya mita 2 kutoka chini, lilitoa pointi 5; la chini pointi 2. Kuvuka kizuizi kulitoa pointi 5, na kila kizuizi kilihesabiwa mara mbili tu kabla ya kuhesabika kuwa kimevunjwa. Mwisho wa mechi, roboti iliyoweza kujining'iniza kwenye chuma cha mnara ilipata pointi 15.

Kimoja kati ya vizuizi vile vitano kilikuwa mlango mfupi: upau uliowekwa inchi 16, kama sentimita 40, kutoka chini, ukiwa na pazia la kitambaa. Ukienea, unapita kama hakuna kitu. Usipoenea, huna la kufanya. Kanuni za mwaka ule ziliruhusu roboti kufikia inchi 54, kama sentimita 137. Kwa hiyo timu ziliulizwa waziwazi: utachukua sentimita 137 ulizopewa, au utazitupa zaidi ya theluthi mbili kwa ajili ya mlango mmoja?

Kwa haraka haraka unaona hailipi. Mlango mmoja kati ya vitano, pointi 5 mara mbili, basi. Lakini isome kanuni tena polepole.

Mlango mfupi ulikuwepo kwenye kila mechi. Vile vizuizi vingine vinne vilibadilika: vilikuwa vinane, vimegawanywa katika makundi manne ya viwili viwili, na kila mechi ilichukua kimoja kutoka kila kundi. Mlango mfupi ndio peke yake uliokuwa na uhakika nao tangu siku ya kwanza ya kuchora.

Halafu kulikuwa na pointi ya msimamo. Katika mechi za kufuzu, upande uliovunja vizuizi vinne kati ya vitano ulipata pointi moja ya msimamo hata kama ulipoteza mechi, na ushindi wenyewe ulikuwa na pointi mbili tu. Vinne kati ya vitano maana yake unaruhusiwa kukiacha kimoja. Ungekiacha kipi? Kundi moja lilikuwa na lango la daraja la kushusha na mlango wa kuvuta, vyote vikihitaji roboti ishike, ivute, kisha iwahi kupita kabla havijajifunga. Vilisumbua mno, hasa kwa roboti iliyo peke yake. Upande wenye roboti fupi ungevunja mlango mfupi na makundi matatu mepesi, ukaliacha lile sumbufu. Upande wa roboti ndefu tupu haukuwa na hiari hiyo. Mlango mfupi umeshaukosa, kwa hiyo ni lazima uvivunje vingine vyote vinne, pamoja na lile kundi.

Hapo ndipo thamani ya inchi 16 ilipokuwa. Pointi 10 za mlango wenyewe ni chenji. Kilichonunuliwa ni ruhusa ya kuikwepa kazi ngumu. Timu nyingi zililiona hilo na zikalenga kimo cha chini ya inchi 15 ili kubaki na nafasi ya kupumua.

Bei yake? Shika rula uone. Inchi 15 ndizo zote ulizonazo. Kuvuka handaki na matuta kulihitaji magurudumu makubwa, na mengi yalikuwa ya upepo yenye kipenyo cha inchi 8. Yamekula zaidi ya nusu ya kimo. Mpira wenyewe ni inchi 10 na lazima uingie, ukae, kisha urushwe. Weka betri, kompyuta, nyaya, mota za kurusha, na mkono unaokunjuka kutoka chini ya inchi 15 hadi kwenye chuma kilichoning'inizwa karibu mita 2 juu. Kila kitu kinalala juu ya kitu kingine. Waya ukichomoka katikati ya mechi mbili, mkono wa fundi hauingii. Kifaa cha mawasiliano kinajikuta kimezungukwa na chuma pande zote na mawimbi yanadhoofika. Na roboti inayorusha kutoka chini inakutana na adui mrefu aliyesimama mbele yake makusudi ili kuuzuia mpira.

Roboti ndefu ya mwaka ule ilikuwa na raha zake: nafasi ya kutosha, mpira unatoka juu ya vichwa vya walinzi, matengenezo ya dakika tano. Na kuna jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili husahau, nalo ni kwamba upande una roboti tatu. Mlango mfupi ulihitaji roboti moja tu kati ya hizo tatu iwe fupi. Timu yenye roboti ndefu iliyorusha mipira vizuri ilitafutwa kwa tochi siku ya kuchagua washirika wa mtoano. Tatizo lake lilikuwa kabla ya siku hiyo, kwenye mechi za kufuzu ambako washirika unapangiwa na hujui utampata nani. Kuwa mrefu kulikuwa kumtegemea jirani.

Misimu mingine, majibu mengine

Mwaka 2020, mchezo wa Infinite Recharge ulirudisha swali lile lile kwa upole zaidi. Pembeni mwa uwanja kulikuwa na njia iliyofunikwa, yenye nafasi ya inchi 28, kama sentimita 71, na baadhi ya mipira ilipangwa humo humo ndani. Dari ya kanuni ilikuwa inchi 45. Inchi 28 si adhabu kama 16: mrushaji anaenea, betri inaenea, mkono wa fundi unaingia. Kwa hiyo ufupi uliuzwa kwa bei nafuu, na nadhani kwa timu nyingi ulikuwa uamuzi rahisi. Bahati mbaya msimu ule ulikatizwa Machi kwa sababu ya UVIKO-19, kabla fainali za dunia hazijafanyika, kwa hiyo hatukupata kuona ukomavu wake wote.

2024, mchezo wa Crescendo, roboti zilirusha pete za sponji za inchi 14. Katikati ya kila nusu ya uwanja palisimama jukwaa la nguzo na minyororo. Roboti fupi zilikatiza chini yake moja kwa moja, ndefu zikalizunguka kila safari. Unaweza kuona mzunguko mmoja ni kama sekunde mbili tu. Zidisha kwa safari za kwenda na kurudi ndani ya dakika mbili, na upate pete ngapi hazikurushwa.

Na 2018, kama tulivyoona, hapakuwa na cha kupita chini yake chenye maana. Kazi kubwa ilikuwa juu. Aliyejenga fupi bila lifti mwaka ule alijichagulia kazi ndogo, ingawa baadhi waliifanya kazi hiyo ndogo vizuri sana na wakaitwa kwenye timu kubwa kwa ajili hiyo.

Yanayosemwa vijiweni

"Roboti fupi haipinduki." Inapinduka. Uwiano ule una namba mbili, na watu wanaangalia moja. Ukifupisha kimo halafu ukasogeza magurudumu karibu karibu ili roboti igeuke kwa wepesi, umerudi pale pale. Tena roboti ikipanda tuta, pembe ya tuta inakula sehemu ya usalama wako. Yenye uwiano wa 1.5 inavumilia kuinama hadi kama nyuzi 56 kabla ya kuanguka, yenye 0.6 inaishia nyuzi 31. Hizo ni nyuzi za kusimama tu, bila mwendo. Ongeza mwendo na kusukumwa na mpinzani, zinapungua.

"Ndefu inarusha vizuri zaidi." Inarusha kwa urahisi kidogo. Mpira unaotoka sentimita 40 na kutakiwa ufike mita 2.3 unahitaji mwendo wa kwenda juu wa kama mita 6.1 kwa sekunde. Ukitoka sentimita 120 unahitaji kama 4.6. Mota za siku hizi hazishindwi na tofauti hiyo. Faida halisi ya kurusha kutoka juu ni kukwepa mikono ya walinzi, na kama kanuni za mwaka huo zinakupa mahali salama pa kurushia, faida hiyo nayo inayeyuka.

"Tuige bingwa wa mwaka jana." Huyu bingwa alishinda mchezo ambao hautachezwa tena. Mchezo unabadilishwa kila mwaka kwa makusudi, na kimo kilichombeba kinaweza kuwa ndicho kitakachokuzamisha. Cha kuiga kwa bingwa ni namna alivyoziweka mota zake chini.

"Ndefu inaogopesha." Nimeisikia hii kwa watu wazima. Sina la kusema.

Jinsi ya kuamua

Kabla ya kuchora mstari wowote, toa namba nne kwenye kitabu cha kanuni na uziandike ukutani: kimo kinachoruhusiwa mwanzo wa mechi, kimo kinachoruhusiwa mechi ikiendelea, kizuizi kifupi kuliko vyote uwanjani, na kitu kirefu kuliko vyote kinachotoa pointi. Usishangae namba ya kwanza na ya pili zikitofautiana; timu zimewahi kufungiwa pointi kwa kudhani ni moja.

Kisha jiulize ukipita chini ya kile kizuizi unapata nini hasa. Usihesabu pointi zake peke yake. Hesabu njia unayofupisha, kazi unayoikwepa, na kama upande wako tayari una mtu wa kuifanya. Hapo hapo uliza swali la pili: ukiwa fupi, utaacha nini? Timu yenye vijana wazoefu, mashine nzuri ya kukata na wiki za kutosha inaweza kubana vitu vyote ndani ya sentimita 38. Timu changa yenye msumeno wa mkono na drili moja ikijaribu hivyo itamaliza msimu ikifungua na kufunga bolti. Kwa timu hiyo ningesema bila aibu: jenga ndefu kiasi, nafasi iwepo, ufanye jambo moja vizuri. Roboti rahisi inayomaliza mechi zote inaipita ile ya kijanja inayokufa mechi ya tatu.

Jaribio la bei rahisi ni hili. Chukua mbao mbili na ubao wa juu, jenga kizuizi kwa kipimo chake halisi. Kata boksi la kadibodi kwa kimo unachokitaka, lifunge juu ya chasisi yoyote yenye magurudumu, hata kigari cha kusukuma, kisha ulipitishe huku na huku kwa mwendo wa mechi, ukiingia kwa pembe, ukipiga kona. Utagundua kwamba sentimita 2 ulizoona zinatosha kwenye karatasi hazitoshi roboti ikiruka kidogo juu ya zulia. Wakati huo huo weka ndani ya boksi vitu halisi: betri, mpira au pete ya mchezo, mota. Visipoenea kwenye kadibodi havitaenea kwenye alumini.

Kwa wanaosafiri kwa ndege kwenda kushindana, ongeza swali moja la kitanzania kabisa: itaingia kwenye begi? Mlingoti wa mita moja na nusu usiofunguka vipande viwili ni shida kwenye kaunta ya uwanja wa ndege kabla haujawa shida uwanjani.

Na kama wiki ya pili imefika, mmezihesabu faida na hasara na mizani haijalala upande wowote? Mimi ningeanza na fupi. Kuirefusha roboti fupi katikati ya msimu ni kufunga nguzo mbili na kuangalia uzito. Kuifupisha ndefu ni kuing'oa yote, maana nyaya, minyororo na gia vyote vilipimwa kwa kimo cha kwanza. Toboeni matundu ya nguzo hizo mapema, kwenye pembe nne za chasisi, hata kama hamna mpango wa kuyatumia.